Mpiga Upinde amekubali posa. Mjaribu wake hajui kama ni haki

Ni saa tatu kasoro robo, Jumatano asubuhi, na mwanamke huyu amekwisha kukataliwa mara tano.

Ameketi kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu, miguu juu ya katoni ya karatasi, kidhibiti cha mchezo mapajani. Katika skrini, mwanamke mwenye upinde mgongoni amesimama kando ya moto, akimtazama. Anabonyeza kitufe. Maandishi yanatokea: "Bado sikujui vya kutosha." Anaandika kwenye daftari: mara ya sita, jibu sahihi, kiwiko cha kushoto kinapenya ndani ya mti.

"Leo ana adabu," anasema bila kuinua macho. "Jana alinikataa huku amenipa kisogo."

Wenzake humwita Kasoro, na hachukii. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mke wa fundi wa vigae na mama wa mabinti wawili. Kazi yake ni kujaribu michezo ya video kabla haijafika sokoni, kuutafuta ubovu ambao mnunuzi hapaswi kuukuta.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Mitambo ilipozimwa kwa mara ya mwisho, alirudi nyumbani na jicho lisilojua kupumzika. "Nilikuwa nasahihisha maandishi ya kwenye mifuko ya unga," anakumbuka. "Mume wangu akaniambia, mama, nenda katafute mtu wa kukulipa kwa ugonjwa huo."

Alimpata. Huajiriwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na uliopo unakwisha mwisho wa mwezi huu. Ujira wake hulipa kodi ya vyumba viwili na karo ya binti mkubwa. Karo ya mdogo hubebwa na vigae.

Mchezo ulio mikononi mwake ni wa aina ile ambayo mchezaji huvaa maisha ya mtu mwingine. Husafiri na wandani watatu, hupigana, hujadiliana, huchagua. Na akitaka, anaweza kumpenda mmoja wao na hatimaye kumposa. Kasoro alikabidhiwa Mpiga Upinde. Kwa miezi saba amekuwa akiyajaribu maneno ya mwandani huyo. Mazungumzo ya posa peke yake ameyarudia mara mia mbili na kumi na mbili.

Ijumaa saa sita mchana anatakiwa kutia saini fomu ya Mpiga Upinde. Fomu hiyo ina visanduku viwili tu: SAHIHI na HITILAFU. Amekaa nayo wiki tatu. Hajui aweke alama wapi.

Lililomfikisha hapo ni barua. Kampuni iliwaalika watu sitini waucheze mchezo wote kwa majaribio, na mmoja wao akaandika maneno machache ambayo Kasoro ameyabandika pembeni mwa skrini yake:

"Pale darajani nilimwacha mdogo wake Mpiga Upinde azame, kwa sababu nilitaka sanduku lililokuwa linachukuliwa na maji. Baadaye nikampa dada mtu manyoya ya mishale thelathini na moja. Nilipomposa alikubali, akacheka. Niliona haya, nikazima."

Alidhani mwandishi wa barua amekosea. Akajaribu mwenyewe, na mambo yakawa vilevile. Kumwacha mdogo wake darajani humpunguzia mchezaji alama sitini. Kila zawadi humwongezea mbili. Zawadi thelathini na moja, na Mpiga Upinde anacheka kando ya moto.

Kwa nini hakuliona kwa miezi saba? Jibu limo katika namna ya kazi yenyewe. Mjaribu hauchezi mchezo kuanzia mwanzo. Hurukia pale panapohusika, kutoka sehemu iliyohifadhiwa. Daraja lipo katika saa ya tatu ya safari. Posa ipo katika saa ya thelathini na sita. Daraja alilijaribu mwezi wa kwanza, posa mwezi wa tano. Kila kipande kilikuwa kizima. Maisha ya Mpiga Upinde, kama mstari mmoja, hakuwahi kuyaona.

Na kuna jambo la pili, ambalo analisema kwa sauti ya chini. Zamani zawadi ilikuwa na thamani ya alama moja. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni mgumu mno, waongeze thamani ya zawadi. Saini yangu ipo. Siwezi kumsingizia mtu."

Mtunga programu aliye meza ya pili, kijana mrefu aitwaye Hesabu, haoni ugumu uko wapi.

"Dada, mashine haijakosea," anamwambia. "Sitini toa, sitini na mbili jumlisha. Zimebaki mbili. Kwa mujibu wa jedwali, kuanzia moja anakubali."

"Na mdogo wake?"

"Mdogo wake yumo kwenye jumla."

"Yumo mtoni, Hesabu."

Kijana anacheka, kisha anaona kwamba hakuna aliyecheka naye. "Basi tufunge mlango," anasema. "Aliyemwacha dogo, posa hana. Mistari mitatu tu ya programu, kabla ya chai nimemaliza."

Kasoro aliukubali ushauri huo kwa siku nzima, kisha ukamponyoka. Kati ya wale wachezaji sitini, ishirini na wawili walimwacha kijana darajani. Tisa kati yao walieleza, walipohojiwa, kwamba hawakukusudia. Uchaguzi ule hudumu sekunde nne tu, na vidole viliteleza.

"Sasa nimfungie mtu mlango kwa saa thelathini na tatu zilizobaki hadi posa, kwa sababu ya kidole?" anauliza. "Zawadi zikifuta kila kitu, ni uonevu kwa Mpiga Upinde. Mlango ukifungwa moja kwa moja, ni uonevu kwa mchezaji. Nikisimama huku naona kule ndiko kwenye haki. Nikienda kule, naona huku."

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitoto yasiyostahili ukurasa wa gazeti. Hoja hiyo ni nyepesi. Maelfu ya watu watakaa na mchezo huu saa arobaini kila mmoja, muda ambao wengi wetu hatujawahi kumpa mgeni yeyote ili tumsikilize. Tendo ambalo mchezo utalituza, utakuwa umewafundisha. Mtu anayelipwa kuithibitisha tuzo hiyo hana budi kujua anathibitisha nini.

Alhamisi alasiri yuko nyumbani, sebuleni, akipanga nguo zilizotoka kwenye kamba. Mume wake ameketi kizingitini, akikwangua saruji iliyokauka kwenye vidole. Wifi yake, mshonaji wa sare za shule, amekuja kuchukua mkasi wake na hadi sasa hajaondoka.

"Mimi kigae nikikigonga kikalia kama debe, nakibandua," anasema mume. "Chini yake kuna uwazi. Kwa macho kimekaa vizuri, hata mwaka kitakaa. Siku mtu akiangusha sufuria ndipo mtajuana. Huyo mwanamke wenu wa kwenye kioo ana uwazi. Mbandue."

"Kaka, watu si vigae," wifi anamkatiza.

"Nani kasema ni mtu? Ni picha."

"Picha imemnyima mkeo usingizi wiki tatu, wewe unayekoroma hapo pembeni ndiye mtu?"

Wote wanacheka, fundi akiwa wa mwisho. Kisha wifi anaacha kucheka. Miaka tisa iliyopita mume wake aliondoka, akamwacha na mtoto mchanga aliyekuwa akiumwa. Alirudi baada ya miaka miwili. Leo wanaishi pamoja.

"Wifi, mimi nilisamehe kubwa kuliko hilo la daraja," anasema. "Kwa hiyo usimfungie mtu mlango kwa jina langu."

"Alikuletea nini aliporudi?" Kasoro anauliza.

"Hakuleta kitu, na angeleta ningemrushia. Alikaa kwenye ngazi. Nikamwuliza, ulikuwa wapi? Akajibu. Kesho yake nikamwuliza tena, akajibu tena. Niliuliza mpaka nikachoka mimi, si yeye."

"Alijibu nini?"

Wifi anaufunga mkasi ndani ya kitambaa. "Unajua, sikumbuki vizuri. Nakumbuka kwamba hakuondoka kwenye ngazi."

Kasoro analiacha shati alilokuwa akilikunja, analifuata daftari.

Ijumaa saa mbili asubuhi anamweleza Hesabu alichokipata. Kabla ya zawadi yoyote kupokewa, Mpiga Upinde amwulize mchezaji: kwa nini ulimwacha mdogo wangu? Mchezaji ajibu.

Hesabu anatikisa kichwa, safari hii kwa upole. "Dada, ukiweka jibu sahihi, wiki ya kwanza litakuwa kwenye mtandao. Kila mtu atalinakili. Litakuwa zawadi ya thelathini na mbili."

"Basi lisiwepo jibu sahihi."

"Kama halipo, anauliza ili iweje?"

Kasoro anarudi kwenye daftari. Anaandika mstari, anaukata. Anapendekeza kwamba mwandani aulize mara tatu katika siku tofauti za safari, na kinachohesabiwa kiwe kama mchezaji amebaki kusikiliza au ameruka mazungumzo. Hesabu anasema wapo wanaoruka kwa sababu husoma haraka. Anapendekeza daraja la pili, ambapo mtu mwingine asiye ndugu wa yeyote yuko hatarini. Hesabu anauliza: na asiyemwokoa huyo wa pili, lakini amebaki kusikiliza mara zote tatu?

"Sijui," anasema Kasoro.

"Mimi pia sasa sijui," Hesabu anakiri. "Na nilikuwa najua vizuri kabisa nilipofika asubuhi."

Saa sita kasoro dakika tano anaingia mkuu wa kitengo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ofisi nzima humwita Tarehe kwa kuwa hamalizi sentensi bila kuitaja. Ana fomu nne zenye saini. Amefuata ya tano.

Kasoro anaichukua kalamu. Hagusi SAHIHI wala HITILAFU. Chini ya visanduku hivyo viwili anachora cha tatu, kwa rula, kama alivyozoea kuchora mistari ya prufu. Pembeni yake anaandika SIJUI, anakiwekea alama, kisha anatia saini.

"Fomu hii haina kisanduku hicho," anasema Tarehe.

"Sasa kinacho, mzee."

"Mama, unafahamu mkataba wako unakwisha tarehe thelathini?"

"Nafahamu."

"Na mchezo unatakiwa kwa mwuzaji tarehe kumi na nane?"

"Hilo pia nafahamu. Nikiandika sahihi, nitakuwa nimesema uongo. Nikiandika hitilafu, Hesabu atafunga mlango kwa mistari mitatu, na huo nao utakuwa uongo. Ungeniuliza kiwiko kimepenya mti, ningekujibu mara moja."

Tarehe anaishika ile fomu mbali na macho, kisha karibu. Anauliza wangapi walimwacha kijana darajani. Anaambiwa ishirini na wawili. Anauliza wangapi kati yao walikubaliwa posa. Kumi na saba.

"Na walioandika barua?"

"Mmoja."

Mzee anairudisha fomu mezani. "Siku kumi za kazi," anasema hatimaye. "Baada ya hapo nataka kisanduku kilichochapwa." Kuhusu mkataba hasemi neno, na hadi habari hizi zinakwenda mitamboni hakuwa amesema. Kasoro hakumwuliza.

Jumatatu yake ndiyo mara ya kwanza kwa mjaribu huyu kufanya jambo ambalo katika kazi yake huhesabiwa kuwa ni kupoteza muda: anaucheza mchezo wote, kuanzia mstari wa kwanza, bila kurukia popote. Saa ya kwanza inapita, ya pili inapita. Katika saa ya tatu analifikia daraja. Sekunde nne zinaanza kuhesabiwa. Sanduku linachukuliwa na maji. Kasoro anamshika kijana mkono.

Safari inaendelea, na kijana yupo. Sehemu zote alizokuwa akirukia zilihifadhiwa baada ya kijana kufa. Hajawahi kumsikia akisema chochote zaidi ya kelele zake za mtoni. Sasa anatembea nyuma ya dada yake akilalamika kuhusu viatu. Anauliza chakula ni saa ngapi. Anasimulia ndoto ndefu isiyo na mwisho, hadi Mpiga Upinde anamwambia anyamaze, naye ananyamaza kwa hatua nne tu.

"Kumbe ana domo hivi," anasema Kasoro.

Mpango wake ni huu: amalize maisha haya yote, saa arobaini, kisha aanze mengine ambamo mchezaji anachagua sanduku. Anatumaini kwamba akiyaona yote mawili kwa ukamilifu atajua Mpiga Upinde anapaswa kuuliza nini, na anayeulizwa afanye nini ili aaminike. Ana matumaini pia ya kumfanya mwandani huyo aweze kusema "hapana" ambayo mchezaji ataielewa, na bado aone sababu ya kuendelea na safari kando yake. Kama atakuwa bado ameajiriwa siku hiyo, hajui.

Kijana ameanza ndoto nyingine. Kasoro ana kitufe cha kuyaruka mazungumzo chini ya kidole gumba, na hakibonyezi.

"Tatizo ni ile mara ya pili," anasema, macho kwenye skrini. "Itabidi nimwache huku namjua."