Kadi Kubwa kwa Injini Ndogo

"Hiyo injini yake ina nguvu kiasi gani?"

Mwanangu, nakumbuka adhuhuri moja pale nyumbani Rasbura, babu yangu aliniuliza hivyo akielekeza fimbo yake kwenye kompyuta yangu ya mezani. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka kumi tu. Mtoto wa dada ni mwana.

Nilikuwa nimetoka chuo, nahoji kila kitu isipokuwa nafsi yangu. Kompyuta ile kuukuu ndiyo niliyohariria video za harusi. Harusi ya rafiki yangu Somoe ilikuwa humo, nakala pekee, nayo ilikwamakwama kila nikiigusa. Nikachagua kadi ya picha, ile inayoisaidia kompyuta kuonyesha video, yenye feni tatu, kubwa kuliko zote nilizomudu. Muuzaji, huko Dar, alingoja neno langu tu.

"Babu, kompyuta haina injini," nikacheka. Yeye aliwahi kuwa na mashine ya kusaga kule Pande, basi kila chombo kwake kilikuwa na injini.

"Haili umeme?"

"Inakula."

"Basi kuna kinachougawa. Kinatoa kiasi gani, na huyo mgeni wako unayemwagiza anakula kiasi gani?"

"Kwani Babu umeshafunga kadi ngapi?"

"Hata moja. Ndiyo maana nauliza, msomi."

Bibi, aliyekuwa akipepeta ufuta, akaguna. "Leo umepatikana."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliingia chini ya meza, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikasoma karatasi iliyobandikwa kwenye kiboksi cha umeme: wati mia mbili na arobaini. Kadi yangu ilitaka mia tano na hamsini. Nikapima na nafasi kwa rula. Ingegonga diski kabla haijakaa. Diski ile ile yenye harusi ya Somoe! 

Nikaagiza kadi ndogo, isiyohitaji waya wake wa umeme. Ikaingia bila kusukumwa. Video ikatiririka, na mama yake Somoe, akiitazama, akalia pale pale alipolia siku ya harusi.

Nasikia nawe unatafuta kadi kwa ajili ya michezo yako. Usianze na uzuri wa kadi, anza na kompyuta uliyonayo. Soma umeme wake, pima nafasi yake, ndipo uchague. Na mtu akikuuliza swali linaloonekana la kijinga, lijibu kwanza, ucheke baadaye. Mola akujaalie vyombo vya kudumu, na watu wa kukuuliza kabla hujaharibu.

Kupotea njia ndiko kujua njia, wanasema. Nani aliyepotea, nimejua mwaka huu tu, kwa Bibi. Ile mashine ya Pande haikufa kwa uzee kama Babu alivyotuambia. Alifunga kinu kikubwa cha kusagia kwenye injini ndogo, ikanoki, ikafa siku ya kwanza, na wanawake wa Pande wakarudi kutwanga msimu mzima, Bibi akiwa mmoja wao.