Ghala Lisilopigiwa Hodi

Shangazi Siwema, dada yake baba, alirudi kwetu Kibuta, Kisarawe, wiki tuliyofunga shule, na begi moja na kompyuta yake. Kabla ya hapo alikuwa akiandika programu za kompyuta katika kiwanda cha chakula cha kuku kule Zegereni. Nyumbani kila mtu alijua mkataba wake haukuongezwa, ila hakuna aliyemuuliza kisa. Nikamuuliza mimi, tukiwa tunapukuchua kunde.

Hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza Mama Pazi, jirani yetu, akiishiwa chumvi anafanyaje. Nikasema anakuja kupiga hodi.

"Anaingia jikoni kuchota?"

Nilicheka. Nani athubutu? Anasimama mlangoni, anasema shida yake. Sisi ndio tunaojua chumvi imo kopo gani, na kama leo ya kumpa ipo.

Basi, akasema, programu za vitu, zile zinazojengwa kwa visehemu viitwavyo vitu, zilianza hivyo. Aliyezipa jina hilo zamani alikuwa akiwaza chembe hai za mwili: kila moja imejifungia mambo yake, na zinaelewana kwa kutumiana ujumbe. Baadaye alijuta kuchagua jina hilo, maana watu waling'ang'ania vitu, ujumbe wakausahau.

Programu yake ya ghala aliijenga hivyo. Mtu wa mauzo akitaka mifuko, anatuma ombi. Ghala linatazama hesabu yake lenyewe, kisha linakubali au linakataa. Watu wa mauzo walinung'unika kukataliwa na kompyuta, lakini hakuna mteja aliyeuziwa mfuko ambao haupo.

Kisha akaja mkuu mpya wa kitengo, Castory. Kwake yeye, programu za vitu ni kama ukoo wa watu: hiki kinarithi kwa kile, na kila kilichomo ndani kinawekewa mlango wa kukisoma na mlango wa kukibadilisha. Akataka watu wa mauzo waweze kuibadilisha hesabu ya ghala wenyewe, kazi iende haraka. Shangazi akamweleza kwamba hapo ghala litakuwa kopo tu, kila mwenye mkono anachota. Akamtolea na mfano wa hodi.

Castory akamjibu mbele ya ofisi nzima: "Dada Siwema, hapa hatupigi hadithi za kijijini. Fungua hiyo milango, au nimpe kazi anayeweza kuifungua."

Vijana wa ofisi wakapata utani. Kila aliyepita aligonga meza yake: hodi, hodi, bibi wa Kisarawe. Mkataba ulikuwa ukingoni na kazi ile aliipenda. Akafungua milango.

Ikawa kila mtu wa mauzo anamwongezea mteja wake mifuko kwenye hesabu ili asimkose. Kompyuta ikasema ghala limejaa, na ghala lenyewe tupu, watu wanafagia sakafu. Wafugaji wakaja na malori, wakarudi bila kitu, wengine wakitukana getini. Kwenye kikao Castory aliuliza programu ya ghala iliandikwa na nani, kana kwamba hajui.

"Si ungewaambia ni yeye aliyekuagiza?" nikasema. Nilikuwa nimekasirika kuliko yeye.

"Niliwaambia. Wakaniuliza milango ilifunguliwa kwa mkono wa nani."

Jioni nilimwomba kompyuta, nikatafuta somo la programu za vitu. Nikakuta moja, la pili, la tatu. Yote yalisema kama Castory: ukoo, urithi, milango ya kusoma na kubadilisha. Ujumbe haukutajwa hata mara moja. Nikamwonyesha, nikidhani atabisha.

"Ndivyo inavyofundishwa," akasema. "Ukiulizwa kwenye mtihani, jibu hivyo hivyo."

"Hata kama sivyo?"

"Unataka kufaulu au unataka kurudi Kibuta?"

Mimi Kibuta sijawahi kuondoka.

Mara tukasikia hodi. Mama Pazi alikuwa mlangoni na kikombe, ameishiwa chumvi. Shangazi hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo wa kunde.

"Ingia tu, jichotee."

"Nijichotee? Na nyie mmekaa hapo?" Mama Pazi alinitazama mimi, kama vile shangazi anaumwa.

Shangazi akaendelea kupukuchua. Mama Pazi naye hakuvuka kizingiti. Alisimama palepale na kikombe chake, mpaka nikainuka mimi.