Dakika Moja Ambayo Sikuihesabu

Hii naisimulia nikiangalia chini, kwa sababu hata leo nikipita soko la Mbumbuni naona ni kama kila mtu ananijua mimi ndiye yule daktari (daktari ni jina la heshima tu, mimi ni tabibu wa zahanati ndogo huko ndani).

Ilikuwa siku ya soko, benchi imejaa hadi nje, na sisi tulikuwa tumepewa tableti ambayo unaijaza dalili za mtoto halafu inakuambia kwa rangi umfanye nini. Akaingia susu mmoja (ndivyo huku tunavyomwita bibi) amembeba mjukuu wake Mumo, wa mwaka mmoja na nusu, anakohoa tangu juzi. Tableti ikaniuliza mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika. Sasa kuhesabu kunataka ukae dakika nzima ukitazama kifua, na mimi nikaona ile foleni, nikajiambia miaka yote hii kazini si naweza kukadiria tu, nikaandika thelathini na nane (kwa umri ule, arobaini kwenda juu ndiyo hatari). Ikatoa kijani: kikohozi cha kawaida, aende nyumbani. Na nitasema ukweli, roho ilinigusa (Mumo hakulia hata nilipomshika, na watoto wa umri ule hunilia sana), lakini nikainyamazisha kwa sababu kijani ni kijani, tena kwa madaha nikaigeuza tableti benchi yote ione, nikawaambia siku hizi hakuna kubahatisha.

Saa nane mchana susu akarudi, mtoto amelegea begani. Sista Mwende, muuguzi wetu, akamfunua shati palepale kwenye benchi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, akashika saa yake akahesabu kwa sauti, akapita arobaini, akapita hamsini, akaishia sitini na mbili. Tukamwekea oksijeni, ambulensi ikaitwa.

"Wewe uliandika ngapi?" Sista akaniuliza.

Kabla sijajibu, susu akanitetea. "Usimlaumu daktari, mwanangu. Ni hiyo mashine imekosea."

Benchi yote ikamuunga mkono, mmoja akasema hivi vitu vya kuletwa vitatumalizia watoto. Ningenyamaza tu, ningepona.

"Mashine haikukosea, susu," nikasema mwishowe. "Mimi sikuhesabu. Nilibuni."

Hakunitukana. Alimvuta tu Mumo kwake, mbali na mkono wangu, na ambulensi ilipofika akapanda na Sista.

Mumo alilazwa siku sita kwa nimonia, akapona. Mimi niliapa, na sijavunja: nahesabu dakika nzima hata foleni ifike barabarani, na roho ikinigusa mtoto haendi popote mpaka nimwangalie tena, hata tableti iseme rangi gani. Susu bado huja zahanati. Hunisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, halafu anauliza kama Sista yuko.