Steringi wa Balad na Ikama ya Hezron

Kila wiki watu wa nyumbani mnaniuliza kama huku Saudia kuna Mkenya ametoboa. Yuko mmoja. Anaitwa Protus Barasa, kijana wa Chwele, dereva wa familia moja hapa Riyadh. Ametoboa kabisa, na haijamsaidia na chochote.

Uigizaji alisomea kwa kibanda cha video. Mwenye kibanda alikuwa na mikanda ya sinema za Amerika za kizamani, zile nyeusi na nyeupe. Vijana wengine walikuwa wanatoka nje, eti hakuna risasi. Protus anabaki. Anaangalia vile steringi anasimama mlangoni, kofia mkononi, hasemi kitu, na wewe unajua ameachwa. Akifika nyumbani anafanya hivyo hivyo mbele ya ng'ombe.

Sasa, Julai 2017 familia ikaenda Uturuki likizo, ikamwacha achunge geti na anyweshe maua. Wiki hiyo hiyo, rafiki yake Hezron, Mkisii wa kampuni ya vibarua pale Shumaisi, akateguka mguu. Hezron alikuwa kwa orodha ya wanaume kumi weusi waliotakiwa Jeddah, wawe mahamali kwenye sinema ya zamani za Balad, ule mji wa kale wa Jeddah. Kubeba magunia tu, hakuna kuongea.

"Enda na ikama yangu," Hezron akamwambia, akimtupia ile kadi ya ukaazi.

"Na wakiangalia picha?"

"Wee Protus, nani ataangalia picha? Kwa hawa watu sisi wote tuna uso mmoja."

"Lakini wewe ni mbaya, ndugu yangu. Sitaki kufananishwa na wewe."

"Rudisha basi, fala."

Hakurudisha. Ikama yake mwenyewe ilisema dereva wa nyumbani, wa kafili mmoja peke yake, yaani yule bosi aliyemleta. Akipatikana na kazi nyingine anarudishwa Kenya. Sisi Wakenya wa huku tunaazimana ikama kama suti ya harusi. Nimeona mara nyingi, na huwa haiishi vizuri.

Siku ya tatu kule Balad, mwigizaji wa hamali mkuu, Msudani mmoja, akaanguka na joto. Dairekta akapita kwa ule mstari wa weusi akitafuta mtu wa kushika nafasi mpaka apone. Akasimama mbele ya Protus.

"Wewe. Tajiri amekudharau. Tupa mzigo chini, umwangalie."

Protus akatupa gunia. Akasimama kwenye mlango wa mbao wa nyumba ya tajiri, hakusema kitu. Mtu wa kamera akatoa jicho kwa kamera, akamwangalia yeye mwenyewe. Dairekta akauliza, "Jina?"

"Hezron."

Msudani hakuitwa tena. Protus alipata sini sita za hiyo sinema.

Mwaka uliofuata majumba ya sinema yakafunguliwa Riyadh, baada ya marufuku ya miaka mingi. Ijumaa moja Protus alivaa shati jeupe akaenda kujiona. Uso wake ulijaa ukuta mzima, na mama mmoja mstari wa mbele alikuwa analia. Majina yalipoanza kupanda kwa Kiarabu, akamwomba jirani wa kiti amsomee la hamali. Jirani akasoma: Hezron Momanyi.

Baada ya mwezi dairekta akatuma ujumbe kwa kampuni ya Shumaisi. Anamtaka Hezron, steringi wa sinema mpya, inaanza Jeddah Jumapili. Hezron alikuwa amesharudi Kisii. Vibarua wenzake wakampelekea Protus ule ujumbe, naye akampigia dairekta, akasema ukweli wote. Dairekta hakukasirika.

"Uso ndio nautaka, jina tutarekebisha. Lete barua ya ruhusa ya kafili wako kabla Alhamisi haijaisha. Bila hiyo siwezi kukugusa."

Barua moja tu. Alhamisi asubuhi, watoto wa bosi wakiwa wanafunga viatu vya shule, Protus akamfuata bosi wake na simu mkononi.

"Baba, samahani. Tafadhali angalia hii."

Alikuwa ameipata ile sinema kwa simu, akaiweka kwenye ile sini ya mlangoni. Baba akaangalia mpaka mwisho. Akaipenda, hata akaita madam. Madam akafuta macho.

"Huyu ni mimi, baba," Protus akasema.

Wakamwangalia. Wakaangalia simu. Baba akasukuma skrini mpaka kwenye majina, akaweka kidole.

"Imeandikwa Hezron."

"Nilitumia ikama ya rafiki. Lakini angalia uso, baba. Ni mimi."

Baba akaangalia uso, kweli alijaribu. Akamgeukia madam, na madam akainua mabega. Miaka minne wamekaa kiti cha nyuma cha hiyo gari. Kisogo cha Protus wangekitambua hata sokoni Dirah.

"Mtu akisikia umetumia ikama ya mwingine utafungwa," baba akasema, pole pole kabisa, kama mtu anayekuonea huruma. "Usiseme tena huo uongo. Halas, yameisha. Yalla, twende, watoto wanachelewa."

Protus aliniambia kwamba alisimama pale mlangoni, funguo mkononi, akamwangalia baba vile alimwangalia yule tajiri wa Balad.

Baba alikuwa ameshageuka, anatafuta miwani.

Watoto wakapanda nyuma. Protus akawasha gari.