Kadi Iliyokuwa Ikiganda

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika kiwanda cha chai karibu na Sosiot, na nilikuwa nangoja barua. Mchumba wangu alikuwa ameenda kusoma ng'ambo, akaahidi kuniandikia kwa imeli ya kiwanda. Imeli iliingilia kwenye kompyuta ya meneja, kisha ikanifikia kwa waya. Ningemwomba meneja anitazamie kwake, lakini alikuwa wa rika moja na baba yangu. Kwetu msichana hamwombi mzee kama huyo amsomee mambo ya mapenzi. Heri nife.

Basi kadi ya mtandao kwenye kompyuta yangu, ile iliyochomekwa waya huo, ikaanza kuganda. Nikijaribu tu kuvuta barua, mshale unasimama katikati ya kioo, kibodi inanyamaza. Nazima, nawasha, inaganda tena. Nilifuta draiva yake, programu ya kuiendesha, na kuiweka upya kutoka kwenye disketi mara nne, huku nikiigombeza kwa Kikipsigis kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi.

Msimamizi wa boila alikuja kuitazama, mikono nyuma.

"Hii inasikia baridi," akasema. "Peleka kwa ukuta ya draya."

Usicheke. Kwetu kifaranga, ndama na mtoto mchanga wote huponea karibu na moto. Tukaibeba hadi kwenye joto la kukaushia chai. Ikaganda vilevile.

Kusema kweli, majuma yale sikuvunjika moyo. Nilimtamani hadi chakula kikanishinda, lakini nilijua barua zake zimo kwenye kompyuta ya meneja, zimekwama tu. Jumamosi, nikimsaidia mama kuchuma majani, nilizitunga mwenyewe kichwani, moja baada ya nyingine.

Mwishowe fundi akaja kutoka Kericho mjini. Aliichunguza kidogo, akacheka.

"Madam, si baridi. Hii kadi na ile ya sauti zinapigania namba moja ya kuita mashini, ndio inachanganyikiwa."

Akaipa kadi namba yake peke yake, akaenda kwa meza ya meneja kunitumia barua ya majaribio. Nilimshukuru, nikangoja aondoke, nikafunga mlango.

Ndani mlikuwa na barua moja tu, ya fundi: "Sasa iko sawa."

Nilikaa pale hadi mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati. Nililia. Nilipofika nyumbani, mama aliniuliza kama kuna habari, nikamwambia kadi bado inaganda.