Picha za Friji ya Wodi ya Wazazi

Sista Benedetta Akwii hakuwahi kumwamini mtu anayeshika simu karibu na kitanda cha mgonjwa. Yeye uuguzi aliusomea kwenye madaftari aliyoyanakili kwa mkono hadi kidole cha kati kikaota sugu, na sugu hiyo bado ipo. Miaka ishirini na sita amekuwa akizalisha akina mama, kwanza huko kwao Kocholia, sasa katika kituo kidogo cha afya nje ya Malaba, ambapo dirisha la nyuma linatazama malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda.

Mwezi ule dawa ilianza kumsaliti. Ni ile sindano ya oksitosini, anayodungwa mama mara tu mtoto anapotoka ili tumbo la uzazi lijikaze na damu ikome. Sista alidunga, damu ikaendelea. Jumatatu, Anjeline, mke wa fundi wa baiskeli, alivuja damu hadi shuka mbili zikalowa, ikabidi akimbizwe hospitali kubwa. Aliponea chupuchupu.

"Hii dawa imebadilishwa," Sista alimwambia Perez, mama anayefagia wodi. "Kuna mtu anatoa nzuri anaweka maji."

"Nani sasa?" Perez aliegemea ufagio wake. "Mchana hapa tuko watatu. Mimi, wewe, na hako kasichana kako ka simu."

Kasichana kenyewe kalikuwa Sharlyne, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Nambale, aliyeletwa na chuo chake kwa mazoezi ya miezi mitatu. Bila sahihi ya Sista katika kitabu chake cha mazoezi hangeruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Tangu Perez aseme hivyo, Sista alimwekea jicho. Saa nne alipoketi na chai yake kando ya friji ya dawa, alimchunguza juu ya ukingo wa kikombe, na alichokiona hakikumtuliza moyo. Asubuhi na adhuhuri, Sharlyne aliifungua friji ile, akainua simu, akapiga picha, akaifunga taratibu. Kisha alikwenda dirishani akanong'ona kwenye simu, akacheka peke yake. Na laini aliyotumia ilikuwa ya Uganda.

Sista hakuhitaji kuelezwa zaidi. Picha zilikwenda ng'ambo, mnunuzi akachagua, dawa ikafuata. Jumatano jioni alimwandikia mkuu wa chuo barua ya kumtaka amwondoe binti huyo, akaikunja na kuitia mfukoni. Ilibaki kumshika na ushahidi.

Alhamisi, saa sita ikiwa imepita, alimnyatia mbele ya friji.

"Lete hiyo simu."

Sharlyne aliruka kidogo, kisha akaitoa. "Ni kazi ya chuo, Sista. Mwalimu anatutumia masomo kwa simu. Sasa tuko kwa utunzaji wa dawa. Tunapiga picha ya kipimajoto cha friji mara mbili kwa siku, tunamtumia."

"Na laini ya Uganda?"

"Bando yao inanifikisha wiki nzima, na pale dirishani ndio inashika. Kuna rafiki yangu anasoma uuguzi Tororo, tunaulizana maswali. Nikikosa, ananicheka."

"Hata wezi huulizana maswali," Sista alisema, akaanza kupekua picha.

Alitafuta chupa za dawa, akakuta kipimajoto. Saa mbili asubuhi, nyuzi tano. Saa sita na nusu, nyuzi kumi na nane. Kesho yake tano tena, halafu kumi na tisa. Dawa ile haitakiwi kupita nyuzi nane. Hilo mwenyewe amelifundisha wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Na katika kila picha, kwenye mlango wa friji, ilionekana kadi ya joto yenye mwandiko wake: tano, tano, tano. Aliijaza ya wiki nzima kila Jumatatu, kwa maana miaka yote ilikuwa tano.

"Friji imeharibika na wewe umenyamaza?"

"Haijaharibika, Sista."

Macho ya Sharlyne yalishuka ukutani, na ya Sista yakayafuata. Tangu soketi nyingine iungue mwanzoni mwa mwezi, upande ule ilibaki moja tu. Humo mlikuwa mmechomekwa birika la chai. Waya wa friji ulilala sakafuni, pale alipouachia mwenyewe saa nne, kabla mama wa kitanda cha pili hajamwita, kama siku zote alivyouacha hadi jioni alipokumbuka kuurudisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

Sharlyne alijibu kwa sauti ndogo. "Kitabu changu unakishika wewe, Sista."

Nje lori lilipiga honi ndefu. Sista alisimama kama anayesikiliza jambo jingine. Labda alimsikia Anjeline. Kisha akainama, akachomoa birika, akarudisha waya wa friji mahali pake. Alizitoa zile chupa zote, akaziweka kwenye sanduku la dawa mbovu. Kwenye kadi, mahali pa Alhamisi, alikata ile tano na kuandika alichokisoma kwenye kipimajoto: kumi na tisa.

"Piga picha hiyo pia," alisema. "Mtumie mwalimu wako."

Akaitoa barua mfukoni, akaigeuza upande mweupe, akaanza kumwandikia mkuu wa kituo: Mimi, Benedetta Akwii.