Blanketi la Tangi

Mtaani walimwita Chambo, naye hakukasirika, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwauzia wavuvi visamaki hai wa kutia kwenye ndoana. Kilichomchoma ni kukumbushwa baridi ya mwaka jana: tangi lilikaa kibarazani, visamaki wakafa wote, na wavuvi wakampa pole huku wakicheka. Safari hii aliapa kwamba hafi hata mmoja.

Baridi ilipobisha hodi, tangi likaingia sebuleni, kochi likatoka nje. Pampu ya hewa ikakoroma kutwa kucha. Wageni wakaambiwa wanong'one, eti kelele huwatia visamaki wasiwasi. Chakula aliwapimia kwa ncha za vidole, maana kwenye baridi samaki hula kidogo na masalia huchafua maji. Hayo yote mkewe aliyameza. Lililomkwama kooni ni blanketi zito, la pekee nyumbani, alilopewa na mama yake alipoolewa, kuzungushwa kwenye tangi.

"Baba watoto, nakohoa mwenzio. Nirudishie blanketi langu."

"Vumilia kidogo, mama watoto. Wewe una damu ya moto. Hawa maskini, damu yao baridi."

Mtoto wa watu akajitanda shuka mbili, akaendelea kukohoa. Chambo hakumwuliza hata hali. Ila kisamaki mmoja alipolala ubavu, alipiga magoti akamwita mwanangu. Mapenzi gani hayo, jamani!

Baridi ilipolegea, mvuvi wa kwanza akaja na ndoo.

"Unawapeleka wapi?" Chambo akamhoji.

"Ziwani."

"Kufanya nini?"

Mvuvi akamtazama mke, mke akatazama dari.

"Kuwatia ndoana, mzee. Kwani wewe unauza nini?"

"Hawa hawajazoea maji ya nje," Chambo akasema, akalikinga tangi kwa mwili wake.

Mkewe hakubishana. Alimsukuma kando kwa kiwiko, akachukua wavu, akachota.

"Chagua walionona. Na wenzako waambie waje."

Wakaja. Chambo akashinda na mikono ndani ya tangi, akiwaaga mmoja mmoja, shati limelowa hadi kifuani. Jioni tangi lilibaki maji matupu, na blanketi lilikuwa mabegani mwa mwenyewe. Chambo akapiga chafya, akajisogeza, akashika pindo.

"Mama watoto, natetemeka mwenzio."

Mkewe akalivuta pindo lake taratibu.

"Vumilia kidogo, baba watoto. Wewe una damu ya moto."